Padre Georges Lemaître na Aya Mbili Alizozifuta

Swali hili humfikia frateri akiwa bado mwaka wa kwanza wa falsafa, na humfikia katekista parokiani mapema zaidi. Kijana wa sekondari ananyoosha mkono: "Mwalimu wa fizikia anatufundisha kwamba ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu. Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu aliumba. Tushike lipi?" Jibu ambalo wengi wetu tunalo tayari ni fupi: nadharia hiyo ilianzishwa na padre Mkatoliki, kwa hiyo hakuna ugomvi. Kijana anaketi ameridhika, na darasa linaendelea.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba padre mwenyewe asingelipenda. Kwa miaka mingi alijitahidi kuwazuia watu, wapinzani wa Kanisa na watetezi wake vilevile, wasiifanye kazi yake kuwa hoja ya dini. Katika somo hili tutamfuata Padre Georges Lemaître kwa njia ya maandishi yake ya kisayansi: alichapisha nini, wapi, nani alisoma na nani hakusoma. Zaidi ya yote tutaangalia aya mbili ambazo aliziondoa kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1931. Ya kwanza ilimpunguzia sifa. Ya pili inatufundisha zaidi juu ya imani na sayansi kuliko vitabu vingi.

Kutoka mizinga hadi altare

Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Alisoma kwa Wajesuiti, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kusomea uhandisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alijitolea jeshini, akatumikia kikosi cha mizinga, na akatunukiwa Msalaba wa Vita. Aliporudi hakuendelea na uhandisi. Aligeukia hisabati na fizikia, akapata udaktari wa hisabati mwaka 1920, na mwaka huohuo akaingia seminari ya Jimbo Kuu la Malines, katika nyumba iliyowapokea vijana wenye miito ya ukubwani, wengi wao wakiwa wametoka vitani.

Hapa mafrateri wasikilize vizuri. Walezi wake hawakumwambia aache hisabati ili awe padre mwema. Walimruhusu kusoma nadharia ya uhusianifu ya Einstein katika nafasi alizopata, na insha juu ya fizikia ya Einstein aliyoiandika akiwa seminari ndiyo iliyomsaidia kupata ufadhili wa kusoma nje. Kardinali Désiré Mercier, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafalsafa mkubwa wa shule ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, alimpa daraja takatifu ya upadre Septemba 1923. Muda mfupi baadaye padre kijana alikuwa Cambridge, Uingereza, chini ya Arthur Eddington, mwanaastronomia aliyeifahamu nadharia ya Einstein kuliko karibu mtu yeyote katika nchi ile. Mwaka uliofuata alivuka bahari hadi kituo cha kuangalia nyota cha Harvard, Marekani.

Safari hizi mbili ndizo zilizomtengeneza. Uingereza alijifunza milinganyo, Marekani akajifunza vipimo. Wakati ule wengi walioimudu milinganyo ya Einstein hawakufuatilia darubini, na waliokaa kwenye darubini hawakuisoma milinganyo. Lemaître alirudi Louvain mwaka 1925 akiwa ameshika vyote viwili.

Makala ya mwaka 1927

Tuseme kwa lugha nyepesi tatizo lilikuwa nini. Wapimaji wa Marekani walikuwa wameona kwamba mwanga wa galaksi nyingi umesogea kuelekea upande wa rangi nyekundu, jambo linalotokea chanzo cha mwanga kinapokwenda mbali nasi. Karibu galaksi zote zilionekana kutukimbia. Kwa nini zitukimbie sisi? Tuna ubaya gani?

Jibu la Lemaître ni kwamba hazitukimbii sisi. Nafasi yenyewe iliyo kati ya galaksi inatanuka. Mama anayeoka mkate wenye zabibu kavu anaweza kulieleza hili bila mlinganyo hata mmoja. Donge likiumuka, kila zabibu huona zabibu nyingine zote zikienda mbali nayo, na iliyo mbali maradufu huenda kwa kasi maradufu, ingawa hakuna zabibu inayotambaa ndani ya unga. Lemaître alilitoa wazo hili katika milinganyo ya Einstein, akaonyesha kwamba kasi lazima iongezeke kulingana na umbali, halafu akafanya jambo ambalo wanahisabati hawakuwa na desturi ya kulifanya: alichukua kasi na umbali wa galaksi 42 na kukokotoa kiwango cha utanukaji. Alipata takribani kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, yaani kwa kila umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26.

Leo tunajua kwamba namba hiyo ni kubwa mno. Kiwango kinachopimwa sasa kiko karibu na 70. Kosa halikuwa la hesabu yake. Umbali wa galaksi uliokadiriwa na wanaastronomia wa siku zile ulikuwa mfupi kuliko ukweli. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuunganisha nadharia ya Einstein na vipimo vya galaksi na kusema: ulimwengu unatanuka, na huu ndio mwendo wake.

Sasa, makala hii alichapisha wapi? Katika kitabu cha mwaka cha Chama cha Kisayansi cha Brussels, kwa Kifaransa. Kilikuwa chombo cha heshima nchini Ubelgiji, lakini wanaastronomia wa Uingereza na Marekani hawakukifungua. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaielewa hali hii bila kufafanuliwa. Unaweza kuwa na neno la kweli kabisa, na likabaki rafuni kwa sababu ya lugha na jarida lililokubeba.

Aliyelisoma mapema alikuwa Einstein mwenyewe. Walikutana Brussels Oktoba 1927, wakati wa mkutano mashuhuri wa Solvay. Kwa kumbukumbu ya Lemaître, Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi lakini fizikia yake ni ya kuchukiza. Alimweleza pia kwamba Mrusi mmoja, Alexander Friedmann, aliyefariki mwaka 1925, alikuwa ametoa majibu yanayofanana na hayo mwaka 1922. Kwa hiyo padre wetu alijifunza mambo mawili katika mazungumzo mamoja: kwamba mkubwa wa fizikia hamkubali, na kwamba kwa upande wa milinganyo hakuwa wa kwanza. Friedmann, kwa haki, hakuwa ameihusisha hesabu yake na galaksi.

Mwaka 1929 Edwin Hubble, kutoka California, alichapisha mchoro ulioonyesha kasi ya galaksi ikipanda pamoja na umbali wake. Makala ilikuwa ya Kiingereza, kutoka mahali penye darubini kubwa kuliko zote duniani. Dunia ilimsikiliza. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Hubble mwenyewe aliendelea kuwa mwangalifu, na hakupenda kutamka moja kwa moja kwamba ulimwengu unatanuka. Yeye alitoa uhusiano kati ya namba na namba. Aliyetoa sababu ni Lemaître.

Aya ya kwanza

Mwanzoni mwa mwaka 1930 Eddington na wenzake mjini London walikuwa wakijiuliza hadharani kwa nini hakuna mtu anayetafuta jibu la ulimwengu usiotulia. Lemaître aliposoma taarifa ya mkutano ule alimwandikia mwalimu wake wa zamani, akamkumbusha kwamba jibu alikwisha kulitoa na nakala alikwisha kumpelekea. Eddington alikuwa ameisahau. Tumsifu kwa jambo moja: hakuificha aibu yake, bali aliitangaza makala ile kwa nguvu zote, na ikapangwa itolewe kwa Kiingereza katika jarida la kila mwezi la Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia. Ilitoka Machi 1931.

Katika toleo hilo la Kiingereza aya moja haipo: ni ile yenye hesabu ya kiwango cha utanukaji, yaani kiini cha madai yoyote ambayo Lemaître angeweza kutoa kwamba alimtangulia Hubble kwa miaka 2. Kwa miongo mingi wasomaji waliolinganisha matoleo hayo mawili walishuku hila. Wengine walimtaja mhariri, wengine wakamtaja Hubble kwamba alilinda jina lake. Mwaka 2011 mwanafizikia anga Mario Livio alitoa barua aliyoikuta katika nyaraka za Jumuiya ile. Aliyeiandika kwa mhariri alikuwa Lemaître mwenyewe. Anasema humo kwamba hakuona faida ya kurudia mjadala ule wa muda juu ya kasi za galaksi, kwa kuwa haukuwa tena na umuhimu kwa wakati ule. Kulikuwa na vipimo vipya na bora. Vya kwake vilikuwa vimepitwa.

Tukae hapa kidogo, maana kuna kishawishi cha kuruka haraka na kusema "unyenyekevu wa mtakatifu". Mimi sioni hivyo hasa. Naona mwanasayansi aliyetaka makala yake iwe sahihi kwa mwaka 1931 badala ya kuwa kumbukumbu ya mwaka 1927. Unyenyekevu upo, lakini ni ule wa fundi anayetupa kipimo cha zamani kwa sababu amepata kipya. Wala kitendo chake hakikuwa bila hasara. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza "Sheria ya Hubble" bila kusikia jina lingine. Leo vyuo vikuu hupima athari ya mtafiti kwa kuhesabu ni mara ngapi makala zake zimenukuliwa na wengine. Kwa kipimo hicho, aliyeiondoa aya hiyo alijiondolea manukuu ya karibu karne nzima.

Oktoba 2018 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipiga kura, na asilimia 78 ya waliopiga wakapendekeza sheria hiyo iitwe Sheria ya Hubble–Lemaître. Lemaître alikuwa amekwisha kufa miaka 52.

Aya ya pili

Tarehe 9 Mei 1931, wiki chache tu baada ya makala ile ya Kiingereza, jarida la *Nature* lilichapisha barua yake yenye maneno yasiyofikia 500. Ndani yake alikwenda mbele zaidi. Kama ulimwengu unatanuka, basi tukirudi nyuma tunaukuta umesongamana zaidi na zaidi. Kwa nini tusifike mahali ambapo vyote vilikuwa kitu kimoja, kama atomu moja kubwa mno ambayo ilipasuka na kugawanyika? Hata maneno "nafasi" na "wakati", alisema, huenda yalianza kuwa na maana baada tu ya mgawanyiko huo. Hii ndiyo nadharia aliyoiita ya atomu ya mwanzo, ambayo baadaye ilizaa ile tunayoiita Mlipuko Mkuu. Jina la Mlipuko Mkuu halikutoka kwake: lilitamkwa redioni mwaka 1949 na Fred Hoyle, Mwingereza aliyeipinga nadharia hiyo hadi mwisho wa maisha yake.

Katika nyaraka za Lemaître imebaki rasimu ya barua hiyo iliyopigwa chapa. Mwishoni ina aya fupi iliyokatwa kwa mstari. Maudhui yake ni haya: kila anayemwamini Mungu, mwenye kuvitegemeza vyote viwepo na vitende, anaamini pia kwamba Mungu amefichika, naye anaweza kufurahi kuona jinsi fizikia ya sasa inavyoweka pazia mbele ya uumbaji. Aya hiyo haikuchapishwa.

Msomaji wa harakaharaka atasema: alimwondoa Mungu ili wanasayansi wamkubali. Soma tena kilichoandikwa. Hata ile aya iliyofutwa haisemi kwamba fizikia imemwonyesha Mungu. Inasema imeweka pazia. Padre aliamini hivyo kabla ya kuifuta, na aliendelea kuamini hivyo baadaye. Katika mkutano wa Solvay wa mwaka 1958 alirudi kwenye wazo hilohilo na kumtaja Nabii Isaya anayesema juu ya Mungu aliyejificha (Isa 45:15). Alichokiamua mwaka 1931 ni kwamba ukurasa wa jarida la fizikia si mahali pa sentensi hiyo. Mwenye imani hahitaji barua ya *Nature* ili aamini, na asiye na imani asije akaikataa hesabu kwa kudhani ni mahubiri yaliyovaa koti la maabara.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Einstein aliona wazo la mwanzo linanukia mno uumbaji. Hoyle alishuku hivyohivyo. Kola ya kipadre ilimfanya Lemaître ashukiwe kila alipotamka neno "mwanzo", na njia pekee ya kujitetea ilikuwa kuitoa hesabu peke yake, isimame au ianguke yenyewe.

Na sehemu zake nyingine zilianguka. Alidhani miale ya anga, ile mikondo ya chembe zenye nguvu inayopiga dunia kutoka pande zote, ni mabaki ya kupasuka kwa atomu ya mwanzo. Miaka mingi aliifanyia kazi pamoja na Mmeksiko Manuel Sandoval Vallarta. Haikuwa hivyo. Upande mwingine, alishikilia konstanti ya kosmolojia, ile namba ambayo Einstein aliiingiza katika milinganyo yake mwaka 1917 na kuitupa baadaye kwa majuto. Lemaître aliihitaji kwa sababu ya dhahiri: kwa vipimo vya wakati ule ulimwengu ulitoka na umri wa takribani miaka bilioni 2, na mtoto hawezi kuwa mkubwa kuliko mama, ilhali miamba ya dunia ilionekana kuwa na umri usiopungua huo. Tatizo la umri liliondoka vipimo vya umbali viliporekebishwa, na sasa tunahesabu miaka bilioni 13.8. Namba aliyoing'ang'ania, hata hivyo, ilirudi kwa mlango mwingine mwaka 1998, pale nyota zinazolipuka za mbali zilipoonyesha kwamba utanukaji unaongezeka kasi.

Hotuba ya mwaka 1951

Tarehe 22 Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio XII aliihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, ambayo Lemaître alikuwa mwanachama wake tangu mwaka 1936. Alieleza kwa furaha kwamba sayansi ya kisasa, ikirudi nyuma karne mamilioni, inaonekana kuwa shahidi wa ile saa ambayo nuru ilitoka kwa neno la Muumba. Tumtendee haki Papa: aliweka tahadhari kwamba ushahidi huo si uthibitisho kamili. Magazeti hayakuchapa tahadhari, yalichapa furaha. George Gamow, mwanafizikia mpenda mzaha, hata alimnukuu Papa katika makala ya fizikia.

Lemaître hakufurahi. Mwaka uliofuata, kwa ushuhuda wa waliomfahamu, alipitia Roma na kuzungumza na Padre Daniel O'Connell, Mjesuiti aliyeongoza kituo cha Vatikano cha kuangalia nyota. Septemba 1952 Papa aliwahutubia wanaastronomia wa dunia waliokusanyika Roma, na safari hiyo hakulirudia dai lile.

Kwa nini padre ajali kiasi hicho? Wanafalsafa wetu wanalo jibu kwenye Summa, sehemu ya kwanza, swali la 46. Mtakatifu Thomas anafundisha hapo kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo ni jambo tunalolijua kwa imani, na akili haiwezi kulithibitisha. Anaonya pia kwamba mtu akileta hoja dhaifu kutetea imani, asiyeamini hucheka akidhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo. Kwake kuumba hakumaanishi kuwasha moto wa kwanza na kuondoka. Ni kuvipa vitu kuwepo, leo kama jana. Hata ulimwengu usio na siku ya kwanza ungekuwa umeumbwa, kwa maana ungemtegemea Mungu kila nukta. Kwa hiyo Mlipuko Mkuu ukithibitishwa, uumbaji hauongezewi kitu. Nadharia nyingine ikija kesho na kuonyesha kwamba kulikuwa na hali fulani kabla ya mlipuko, uumbaji haupunguziwi kitu. Anayejenga katekesi yake juu ya mlipuko atalazimika kuibomoa wanafizikia watakapobadili mawazo, nao hubadili, ndiyo kazi yao.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakihangaika na kelele isiyoondoka kwenye antena yao huko New Jersey, walikuwa wameupata mnururisho hafifu unaoujaza ulimwengu wote, mabaki ya joto la mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965. Lemaître, ambaye tangu mwaka 1960 alikuwa Rais wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, alikuwa mgonjwa. Odon Godart, msaidizi wake wa zamani, ndiye aliyempelekea habari. Alifariki tarehe 20 Juni 1966.

Turudi kwa kijana aliyenyoosha mkono. Mwambieni habari za padre, ni habari njema na ni za kweli. Kisha mwambieni kwamba mwalimu wake wa fizikia na Kitabu cha Mwanzo hawajibu swali moja. Mwalimu anaeleza ulimwengu umetoka hali gani hadi hali gani, naye ana haki ya kuulizwa vipimo. Mwanzo unaeleza ni nani anayeufanya uwepo. Na akiuliza, "Sasa ushahidi wa Mungu uko wapi?", msimpe galaksi. Mfungulieni Isaya 45, msome pamoja, na mwacheni aulize tena.